Nyakanazi: Wahesabu wanaolala, si wanaopita

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayeshuka kwenye basi Nyakanazi, wilayani Biharamulo, saa sita mchana anaweza kudhani amefika penye wateja wasiokwisha. Malori yaendayo Rwanda na Burundi yamesimama kando ya lami, abiria wa Kigoma wanabadilisha magari, na mama ntilie hawana muda wa kukaa. Alfajiri ya kesho yake wengi wa wateja hao hawapo tena.

Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kumsumbua kila mwenye mtaji mdogo anayefikiria kujenga gesti, hoteli ya chakula au vyumba vya kupangisha katika mji huo mdogo.

Nyakanazi ni njia panda. Barabara ya kutoka Kahama inagawanyika hapo: moja inakwenda Kakonko, Kibondo na Kigoma, nyingine inaendelea hadi Lusahunga, ambako inagawanyika tena kwenda Biharamulo mjini na Bukoba, au Ngara na mipaka ya Rusumo na Kabanga.

Makundi matatu

Wateja wa mahali kama hapo ni wa makundi matatu. La kwanza ni wakazi: wakulima wanaotoka asubuhi kwa baiskeli au pikipiki kwenda mashambani na kurudi jioni, pamoja na wenye maduka, mafundi na familia zao. La pili ni wanaokuja na kurudi siku hiyo hiyo: watu wa vijijini wanaoleta mazao, vijana wa bodaboda, watumishi wanaoishi sehemu moja na kufanya kazi nyingine. La tatu ni wapita njia: madereva, matandiboi na abiria.

Makundi hayo hayanunui vitu vile vile. Mkazi hununua unga, sabuni, mabati, saruji na mbegu. Wa kuja na kurudi hununua chakula cha mchana, betri na dawa. Mpita njia hununua chai, chapati, kitanda cha usiku mmoja na kuziba pancha.

Takwimu za sensa hazitenganishi makundi haya vizuri. Sensa ya 2022 ilihesabu watu mahali walipolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Dereva aliyelala gesti Nyakanazi usiku huo alihesabiwa hapo, hata kama familia yake iko Dar es Salaam. Mkulima aliyekuja mnadani mchana na kurudi kijijini hakuhesabiwa Nyakanazi, ingawa fedha zake zilibaki huko.

Hata hivyo sensa ina habari njema. Wilaya ya Biharamulo ilikuwa na watu zaidi ya 323,000 mwaka 2012. Mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 457,000. Hilo ni ongezeko la kama asilimia 3.5 kwa mwaka, wakati la taifa ni asilimia 3.2. Wilaya haikui kwa sababu ya malori peke yake.

Funzo la Ngara

Jirani zetu wa Ngara wanajua inavyokuwa wapita njia wanapoondoka. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, na Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, pakageuka mji mkubwa wa mahema wenye soko lake. Desemba 1996 wakimbizi walirudishwa kwao na soko hilo likaondoka nao. Kambi ya Lukole, ya wakimbizi kutoka Burundi, ilifungwa mwaka 2008. Sensa ya 2002 ilikuta Ngara watu zaidi ya 334,000. Ya 2012 ilikuta 320,000 tu.

Nyakanazi si kambi, lakini sababu za watu kulala hapo nazo zinabadilika. Zamani mabasi yalipita misitu ya Biharamulo kwa msafara wenye askari kwa kuogopa majambazi, na tangu miaka ya 1990 mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku. Abiria alilala njiani, apende asipende. Mwaka 2023 katazo hilo liliondolewa. Kilometa 50 za Nyakanazi hadi Kabingo nazo zimewekwa lami. Aliyekuwa akilala sasa anakunywa chai na kuendelea. Na mwaka 2025 ulisainiwa mkataba wa kujenga reli kutoka Uvinza hadi Musongati, Burundi. Ikikamilika, sehemu ya mizigo ya Burundi itaacha barabara.

Hesabu ya gesti

Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Gesti ya vyumba kumi imejengwa kwa sh. milioni 60. Kila chumba ni sh. 15,000. Vyumba sita vikijaa kila usiku, mapato ya mwezi ni sh. 2,700,000. Ukitoa matumizi ya sh. 1,200,000, inabaki sh. 1,500,000, na mtaji unarudi kwa miezi 40.

Vyumba vitatu tu vikijaa, mapato ni sh. 1,350,000. Mlinzi, umeme na mishahara havipungui kwa nusu. Inabaki sh. 150,000, na mtaji unahitaji miaka 33 kurudi. Wateja wamepungua nusu. Faida imepungua mara kumi.

Ushauri wetu si kukimbia Nyakanazi. Mwenye mtaji aanze na kile anachohitaji mkazi: mashine ya kusaga, duka la pembejeo, vifaa vya ujenzi, vyumba vya kupangisha kwa mwezi. Biashara ya wapita njia ifuate, tena kwa jengo linaloweza kubadilishwa matumizi. Na kabla ya kununua kiwanja, alale hapo siku saba, siku za mnada na zisizo za mnada, ahesabu milango inayofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Hao ndio wateja watakaokuwapo malori yakipata njia nyingine.