Nyumba Iliyofungwa: Mambo ya Kumaliza Kabla ya Kukabidhi Funguo

Si jambo geni katika Kata ya Michenga kuona nyumba nzima imefungwa kufuli, huku muuguzi au mwalimu aliyehamishiwa Ifakara akitafuta chumba cha kupanga. Mwenye nyumba hudhani kuwa nyumba isiyokaliwa haina gharama. Ukweli ni kwamba deni linaongezeka kimyakimya.

Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Kwa nyumba ya kawaida, kiwango kilipanda mwezi Julai 2023 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi. Umeme usiponunuliwa, kodi haisimami, bali hulimbikizwa kwenye mita. Nyumba iliyofungwa kwa miaka 2 huwa na deni la shilingi 36,000.

Deni hilo humwangukia mpangaji mpya. Ananunua umeme siku ya kwanza, fedha inakatwa, naye anabaki gizani akidhani ametapeliwa. Kisheria, mlipaji wa kodi hii ni mmiliki, si mpangaji. Kwa hiyo, mwenye nyumba anunue umeme na kumaliza deni kabla ya kukabidhi funguo. Kwa miezi inayofuata, mkataba uoneshe kwamba makato ya kodi ya majengo yatapunguzwa kwenye pango.

Nyumba nyingine hufungwa kwa sababu mwenyewe amefariki na warithi hawajaelewana. Hapa, mtoto mkubwa au mjomba hana mamlaka ya kupangisha kwa sababu tu anashika funguo. Familia ifanye kikao, iandike muhtasari, kisha iende Mahakama ya Mwanzo ikiwa na cheti cha kifo ili ateuliwe msimamizi wa mirathi. Huyo ndiye atakayesaini mkataba na kuwajibika kwa warithi kuhusu fedha za pango.

Mwisho, kagueni nyumba kwa pamoja: paa, choo, milango na nyaya za umeme. Andikeni hali yake, usomaji wa mita, kiasi cha pango na muda wa notisi. Kila upande ubaki na nakala iliyosainiwa mbele ya mashahidi.

Mwananchi mwenye swali afike ofisi ya Mtendaji wa Kata kwa maelekezo. Mali bila daftari hupotea bila habari.