Kompyuta Mpakato ya Kazi: Tazama Bawaba Kabla ya Prosesa

Ukienda kununua kompyuta mpakato kwa ajili ya ofisi yako, muuzaji atakuuliza mambo matatu: unataka i5 au i7, RAM ngapi, na bajeti yako imesimama wapi. Hatakuuliza utaifungua na kuifunga mara ngapi kwa siku, wala kama utaibeba kwenye begi juu ya bodaboda kutoka Mbagala hadi Posta. Hayo ndiyo yanayoua mashine mapema. Prosesa ni nadra kufa. Kinachokufa ni bawaba, tundu la chaji, kibodi na betri, na uimara wa vitu hivyo hauandikwi kwenye karatasi ya sifa iliyobandikwa kwenye kasha.

Njia za kununua ni tatu. Ipo mpya ya bei nafuu, ipo mpya ya daraja la kati inayouzwa kama mashine ya biashara, na ipo ya daraja la juu iliyotumika miaka michache kwenye makampuni ya nje kisha ikaletwa Kariakoo. Msimamo wangu ni huu: kwa biashara ndogo nyingi, mashine ya daraja la juu iliyotumika ni matumizi bora ya fedha kuliko mpya ya daraja la chini, mradi mnunuzi ajue kuikagua.

Si kila ya biashara ni imara

Kila kampuni ina ngazi zake. HP ina ProBook, na juu yake EliteBook. Lenovo ina ThinkBook, ThinkPad za herufi E na L, halafu T na X1. Dell ilikuwa na Vostro na Latitude za 3000, 5000 na 7000, hadi mwaka 2025 ilipoanza kutumia jina la Dell Pro. Zote zinauzwa kama mashine za kazi, lakini hazijaundwa sawa. Za ngazi ya chini zina plastiki nyingi na huwa jamaa wa karibu wa mashine za nyumbani. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyokuta aluminiamu, magnesi au nyuzi za kaboni kwenye kava na fremu.

Usishawishike haraka na tangazo la majaribio ya kijeshi, MIL-STD-810. Hicho ni kiwango cha jeshi la Marekani, na toleo lake la H lilitoka mwaka 2019. Kinaeleza namna ya kupima vifaa dhidi ya joto, vumbi, mtikisiko, unyevu na mengineyo, lakini mtengenezaji ndiye anayechagua afanye majaribio yapi, na jeshi halimpi cheti. Mashine mbili zinaweza kubeba maneno yale yale huku moja ikiwa imepimwa mambo machache tu. Muulize muuzaji, au tafuta kwenye nyaraka za kampuni, ni majaribio gani yaliyofanywa.

Bawaba inavyovunjika

Ukifungua kava la chini la mpakato ya plastiki utaona bawaba ni kipande cha chuma kilichokazwa kwa skrubu chache. Mara nyingi skrubu hizo haziingii kwenye chuma. Zinaingia kwenye vijinati vya shaba vilivyozamishwa kwa moto ndani ya vishina vya plastiki. Bawaba ikiwa ngumu, kila unapoinua kifuniko nguvu yote inakwenda kuving'oa vile vijinati. Plastiki inaanza kwa ufa mwembamba usioonekana nje. Baada ya muda kona ya kifuniko inaachia, fremu ya skrini inafunguka, na waya wa skrini unaopita hapo hapo unaanza kuchunika, picha inacheza. Fundi atajaza gundi kali, na gundi itashika kwa muda. Dawa yenyewe ni kubadili kava zima, na kwa modeli iliyotoka juzi kava hilo huenda lisipatikane mjini.

Ukaguzi wake dukani ni wa dakika mbili. Iweke mezani, inua kifuniko taratibu kwa kidole kimoja katikati, kisha kwa kona moja. Kikijipinda upande mmoja, au ukasikia plastiki ikilia, irudishe. Bonyeza katikati ya kibodi: ikizama kama godoro, fremu yake ni dhaifu. Pitisha ukucha kwenye kingo za kava ukitafuta mahali palipoachana. Chomeka chaja uichezeshe kidogo. Chaji ikikatika na kurudi, tundu limelegea. Kwenye mashine nyingi za sasa tundu la USB-C limechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama, kwa hiyo kulibadilisha kunahitaji fundi mwenye hadubini na mkono mtulivu. Tundu la duara la zamani lenye waya wake lilibadilishwa kwa fedha kidogo.

Ghali nayo ina kasoro

Tumezoea kusema rahisi ghali. Kweli, lakini bei kubwa nayo si kinga. Februari 2018 Lenovo iliagiza zirudishwe ThinkPad X1 Carbon za kizazi cha tano, mashine za daraja la juu kabisa, baada ya kubainika kwamba skrubu iliyoachwa bila kukazwa ingeweza kuharibu betri na kusababisha moto. Marekani peke yake zilikuwa takribani 78,000. Apple iliweka kibodi ya kipepeo kwenye kompyuta zake kuanzia mwaka 2015. Malalamiko yalikuwa mengi mpaka Juni 2018 ikaanzisha mpango wa kuzitengeneza bure, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi iliyofunguliwa na wateja wa Marekani.

Habari hizo zinamhusu mnunuzi wa Kariakoo moja kwa moja, kwa sababu mashine za miaka ile ndizo zinazoletwa kama mtumba. Ukiuziwa X1 Carbon ya kizazi cha tano, ingiza namba yake kwenye tovuti ya Lenovo uone kama ni miongoni mwa zilizoagizwa kurudishwa. Ukichukua ThinkPad ya mwaka 2017 hadi 2019 yenye USB-C, angalia kama ina maboresho ya programu ya tundu hilo, maana Lenovo yenyewe ilionya kwamba bila maboresho hayo tundu linaweza kuacha kufanya kazi.

Hesabu ya mwaka

Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo zichukulie tarakimu hizi kama kielelezo, kisha weka bei ulizotajiwa wewe.

Mpya ya bei nafuu: 1,200,000, pamoja na 150,000 ya kava na bawaba mwaka wa pili. Ikikaa miaka 3, ni shilingi 450,000 kwa mwaka.

Mpya ya daraja la kati: 2,400,000, pamoja na betri moja ya 150,000. Ikikaa miaka 5, ni 510,000 kwa mwaka.

Ya daraja la juu iliyotumika: 800,000, pamoja na betri mpya ya 120,000 na 130,000 ya kuongeza RAM na SSD. Ikikaa miaka 3, ni 350,000 kwa mwaka.

Ongeza gharama isiyo na risiti, yaani siku mashine inapokuwa kwa fundi. Mhasibu mwenye ritani za VAT za wateja zinazotakiwa kufikia tarehe 20 hawezi kumaliza siku nne akisubiri kava kutoka Dubai. Hapo ndipo mpya ya daraja la kati inapojilipa, ikiwa ina waranti ya miaka 3 inayotekelezwa hapa hapa nchini. Ofisi yenye wafanyakazi kumi, au mtu anayehitaji chaji ya kutwa nzima, hana sababu ya kuikwepa. Bila waranti ya namna hiyo, sehemu kubwa ya faida ya upya inapotea.

Masharti ya kununua iliyotumika

La kwanza ni prosesa. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Soma namba yenyewe: i5-8350U ni ya kizazi cha nane na inakubalika, i5-7300U ni ya saba na haimo kwenye orodha. EliteBook 840 G5, Latitude 7490 na ThinkPad T480 ni za zama hizo, lakini usitosheke na jina la modeli, soma prosesa.

La pili ni kufuli la kampuni ya zamani. Zima, washa, na ubonyeze F10 kwa HP, F2 kwa Dell au F1 kwa ThinkPad. Ikikudai nenosiri ambalo muuzaji halijui, usinunue.

La tatu ni betri. Andika amri ya powercfg /batteryreport kwenye Windows, ulinganishe uwezo wa kiwandani na uwezo uliobaki. Ikiwa umeshuka chini ya nusu, dai punguzo la bei ya betri mpya.

La nne ni urahisi wa kutengeneza. T480 na 840 G5 zina nafasi mbili za RAM, wakati nyembamba nyingi za leo RAM yake imechomelewa na utaishi nayo ilivyo. Watengenezaji wakitaka wanaweza: mwaka 2024 iFixit waliipa ThinkPad T14 ya kizazi cha tano alama 9 kati ya 10 kwa urahisi wa kutengenezwa.

Karatasi kabla ya pesa

Waranti nyingi huhesabu ufa wa bawaba kuwa uharibifu wa mtumiaji. Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa, tena kwa maneno haya: bawaba ikiachia mwezi wa sita bila kuanguka, nani analipa? Jibu liandikwe kwenye risiti au kwenye fomu ya waranti. Dai risiti ya EFD yenye namba ya mashine. Ukiona kasoro wiki ya kwanza, ipige picha siku hiyo hiyo na urudi dukani kabla ya kumpelekea fundi wa mtaani, kwa sababu ikishafunguliwa nje ya utaratibu utakuwa umewapa sababu ya kukukatalia. Duka likikataa bila hoja, malalamiko ya walaji Tanzania Bara yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Mwenye stationari, wakala, mwalimu au fundi wa ramani anayeanza, achukue iliyotumika ya daraja la juu na atenge fedha ya betri. Ofisi ambayo kazi yake haiwezi kusimama hata siku mbili inunue mpya ya daraja la kati yenye waranti ya hapa. Mpya ya bei nafuu imfae mwenye mashine inayokaa mezani muda wote. Na nyote watatu mkifika dukani, anzeni na bawaba. Wauzaji huagiza kile wateja wanachokiulizia, na leo hawaulizwi juu ya uimara.