Jalada la Mhadhiri: Kazi ya Kisayansi Inavyohesabiwa

Wanafunzi wa sekondari wanaokuja kutazama maabara zetu huuliza maswali mengi juu ya mitambo na kemikali, lakini karibu kila mara mmoja wao hubakia nyuma na kuuliza kwa sauti ya chini: mtu huwaje profesa? Wengi hudhani ya kuwa cheo hicho hupatikana kwa kufaulu mtihani mkubwa kuliko yote, au kwa kukaa chuoni mpaka mvi zikatokea. Mtihani wa namna hiyo haupo. Kinachopimwa ni jalada la karatasi ambalo mhadhiri mwenyewe hulikusanya kwa miaka mingi, na ambalo husomwa na watu wasiopata kumwona darasani.

Katika vyuo vikuu vya Tanzania ngazi zinazofahamika zaidi ni mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Anayetaka kupanda hupeleka jalada lake kwenye idara. Kutoka hapo hupitia kamati moja baada ya nyingine, na kwa vyeo vya juu maandishi yake hupelekwa kwa wataalamu wa vyuo vingine ili wayakadirie. Mambo yanayotazamwa ni matatu: ufundishaji, utafiti na huduma kwa jamii. Kwa desturi utafiti ndio wenye uzito mkubwa, na makala iliyoandikwa na watu watano haimpi kila mmoja wao alama sawa na ile aliyoiandika mtu peke yake. Basi jalada halina budi kujibu swali lililo gumu kuliko linavyoonekana: ni nani aliyefanya nini, lini, na ushahidi uko wapi?

Tutazame mfano ambao walimu wa fizikia wanaujua. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, alitia maziwa ya moto katika jokofu bila kuyangojea yapoe, akaona yameganda kabla ya maziwa ya mwenzake yaliyotiwa yakiwa hayana moto. Alipomwuliza mwalimu wake aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilo hilo mgeni aliyekuja kutoa mhadhara, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati ule kilikuwa bado Chuo Kikuu Kishiriki. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne hakucheka, aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara alijaribu jambo lile. Fundi akaleta habari kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, ila ataendelea kulirudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi!

Mwaka 1969 makala ilitoka katika jarida la Physics Education ikiwa na majina mawili, Mpemba kwanza na Osborne baadaye. Hapa ndipo mkadiriaji wa jalada anapopata kazi. Katika matawi mengi ya sayansi jina la kwanza huchukuliwa kuwa la mtu aliyefanya sehemu kubwa ya kazi. Lakini wanahisabati, kwa mfano, hupanga majina kwa alfabeti, na M hutangulia O kwa vyovyote vile. Mpangilio peke yake, basi, hautuambii lolote la hakika. Kinachotuambia ni makala yenyewe: Mpemba ameandika sehemu yake kwa kinywa chake, akataja shule, maziwa na dhihaka aliyoipata, kisha Osborne ameandika yake, akaeleza majaribio. Kila mmoja ameacha alama ya mkono wake. Na kwa kuwa taratibu za majaribio ziliandikwa, wengine wameweza kuyarudia na kubishana nayo. Mwaka 2016 wanasayansi wawili, Burridge na Linden, walitoa makala wakisema kwamba ushahidi wa jambo hilo hautoshi. Ubishi huo ungalipo. Siku hizi majarida mengi huwataka waandishi waeleze mwishoni nani alibuni, nani alipima na nani aliandika, jambo ambalo waandishi wale wawili walilifanya bila kuamriwa.

Majina nayo ni tatizo, hasa kwetu. Orodha za kimataifa hutegemea jina la ukoo na herufi ya kwanza ya jina la mtu. Mtu aitwaye Hamisi Juma Saidi anaweza kuandikwa Saidi H. J. katika jarida moja, Juma H. katika la pili na Hamisi S. katika la tatu, na kompyuta ikawahesabu kuwa watu watatu. Mwanamke akibadili jina baada ya kuolewa, nusu ya kazi zake hubaki kana kwamba ni za mtu mwingine. Ili kutatua jambo hili ulianzishwa mwaka 2012 mpango uitwao ORCID, ambao humpa kila mtafiti namba yenye tarakimu 16, isiyobadilika hata kama jina, chuo au nchi imebadilika.

Tarakimu ya 16 ni ya kuhakiki, na wanafunzi wanaweza kuikokotoa ubaoni. Chukua namba 0000-0002-1825-0097. (Imepewa Josiah Carberry, profesa wa kubuni ambaye watu wa Chuo Kikuu cha Brown huko Marekani wamemfanyia mzaha tangu 1929, kwa hiyo hatumvunjii mtu heshima.) Anza na sifuri. Ongeza tarakimu ya kwanza, zidisha kwa 2. Ongeza ya pili, zidisha jumla kwa 2. Endelea hivyo mpaka tarakimu ya 15. Sifuri saba za mwanzo hazileti kitu. Kisha 2 hutoa 4, 1 hutoa 10, 8 hutoa 36, 2 hutoa 76, 5 hutoa 162, sifuri mbili hutoa 324 na 648, na 9 hutoa 1314. Gawanya kwa 11, baki ni 5. Toa 5 katika 12, utapata 7, nayo ndiyo tarakimu ya mwisho. (Jibu likiwa 10 huandikwa X, likiwa 11 huandikwa 0.) Mtu akikosea tarakimu moja tu wakati wa kunakili, hesabu haikubali.

Baada ya kujua kazi ni ya nani, watu wametaka pia kujua ina uzito gani. Eugene Garfield wa Philadelphia alianza kutoa mwaka 1964 faharasa inayoonyesha kila makala imetajwa na makala zipi nyingine. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kiitwacho h: mtafiti mwenye makala 10 ambazo kila moja imetajwa walau mara 10 ana h ya 10, iwapo hana 11 zilizofika mara 11. Ni hesabu nyepesi, na wepesi wake ndio unaozipendeza kamati. Lakini haipimi ufundishaji, wala haiwezi kungoja. Katalin Karikó, aliyekuwa akichunguza molekuli ya RNA-mjumbe katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliteremshwa cheo mwaka 1995 kwa kuwa hakupata fedha za utafiti kutoka nje ya chuo. Makala aliyoitoa pamoja na Drew Weissman mwaka 2005 ilikuja kuwa msingi wa chanjo za UVIKO-19, na mwaka 2023 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Jalada lake la 1995 halikuwa na uongo wowote. Lilikuwa pungufu tu, kama majalada yote yanavyokuwa pungufu kabla ya kazi kuiva.

Upungufu wa jalada langu mimi haukuwa na heshima hiyo. Nilirudi kutoka masomoni ng'ambo nikiwa na barua zangu zote katika anwani ya barua pepe ya chuo nilichosoma. Miezi michache baadaye anwani ilifungwa. Nilipoomba kupanda cheo, kamati ilitaka uthibitisho wa mchango wangu katika makala yenye waandishi wanne; msimamizi wangu alikuwa amestaafu na sikuwa na njia ya kumpata. Nikakimbilia kabati la mbao ofisini, angalau nipate fomu za tathmini ya wanafunzi wa miaka mitatu. Mchwa walikuwa wamezila, wakaacha vibanio. Makala ile haikuhesabiwa, nami nilingoja miaka miwili zaidi. Sikuwa na wa kumlaumu.

Tangu hapo, Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi hukaa nusu saa na daftari moja nene. Huandika somo nililofundisha na idadi ya wanafunzi, tasnifu niliyoisimamia na imefika wapi, makala iliyopelekwa, iliyokataliwa na iliyokubaliwa, kila jambo na tarehe yake. Barua ya mhariri huichapisha siku ile ile. Nakala moja hukaa ofisini, ya pili nyumbani katika sanduku la bati, ya tatu katika hifadhi ya kompyuta isiyo ya mwajiri yeyote.

Safu iliyo tupu mara nyingi ni ile ya huduma kwa jamii, na hapo walimu wanaweza kutusaidia. Mhadhiri akija shuleni kwenu kuzungumza na wanafunzi, msimpe zawadi. Mwandikieni barua yenye tarehe, mada aliyoizungumzia na idadi ya waliohudhuria, itiwe sahihi na mkuu wa shule. Na mhuri usisahauliwe, maana barua isiyo na mhuri kamati huirudisha.