Mama Nyani na Mwanawe

Leo twataka kueleza habari za mnyama ambaye hapa Terrat hana sifa njema. Nyani hula mahindi yetu, na akifukuzwa huku huingia kule. Kwa hiyo wengi wetu tukimwona huinama kuokota jiwe. Lakini yuko bibi mmoja aliyewatazama nyani miaka mingi, daftari na saa mkononi, akajifunza mambo makubwa juu ya mama na mtoto. Mambo hayo yafaa kujulikana na kila mtu aleaye watoto.

Jina lake ni Jeanne Altmann. Alizaliwa Marekani mwaka 1940. Elimu yake ya kwanza ya chuo kikuu haikuwa ya wanyama bali ya hesabu, na mwaka 1970 alipata shahada ya kufundisha somo hilo. Mwaka 1963 yeye na mumewe, Stuart Altmann, walikuja Amboseli katika nchi ya Kenya kuwatazama nyani. Mahali hapo si mbali na kwetu. Mtu akitoka Arusha, akafuata njia ya Longido mpaka Namanga, kisha akageukia mashariki, atafika kwenye nyika ile iliyo upande wa kaskazini wa Kilimanjaro. Mwaka 1971 ilianzishwa huko kazi ya kuwafuata nyani siku kwa siku, nayo imedumu zaidi ya miaka 50.

Kwanza tueleze njia yake ya kutazama, maana bila njia njema macho hudanganya. Madume makubwa hupigana na kuonyeshana meno, na mtazamaji, apende asipende, macho yake huenda huko. Jioni huandika kwamba maisha ya nyani ni vita. Kumbe wakati ule ule majike walikuwa wakichimba mizizi na kunyonyesha, wala hakuna aliyewaangalia. Sisi walimu twaijua hatari hiyo. Mwalimu atazamaye darasa bila utaratibu huwajua watoto wawili watatu wenye fujo, na wale wanyamavu hawajui mpaka siku ya mtihani.

Mwaka 1974 Bibi Altmann aliandika makala ya kufundisha njia iliyo bora. Chagua mnyama mmoja. Mtazame yeye tu kwa muda uliokwisha upanga, hata kama amekaa kimya, na uandike kila atendalo. Muda ukiisha mwache, umwendee mwingine ambaye zamu yake imefika. Hivyo mnyonge hupata dakika sawasawa na mkubwa. Njia hiyo imeenea kwa wataalamu wa wanyama duniani kote.

Kwa njia hiyo aliwatazama mama wa kundi moja lililoitwa kundi la Alto, na mwaka 1980 akatoa kitabu juu yao. Aliona kwamba mama nyani hana likizo ya uzazi. Mimba yake huchukua miezi sita hivi, naye akiisha kuzaa hana budi kuandamana na wenzake, maana akibaki nyuma chui yupo. Hapana amleteaye chakula. Sehemu kubwa ya mchana hutembea na kutafuta riziki, na mtoto wake mweusi amemshika tumboni.

Kadiri mtoto akuavyo, ndivyo atakavyo maziwa zaidi, na mama hana budi kula zaidi. Bibi Altmann alipiga hesabu ya saa za mchana, akaona kwamba hufika wakati ambapo saa hazitoshi. Hapo ndipo mama huanza kumkataza ziwa, na mtoto hulia kwa hasira. Mtu apitaye atasema mama huyu ni mkali. Lakini yeye hakatazi wakati wote. Hukataza akiwa anakula au anatembea, na akipumzika huruhusu. Mtoto naye hujifunza nyakati, na polepole huanza kujitafutia.

Tena aliona kwamba mama hawafanani kwa hulka. Wako wenye kumshika mtoto sana: akienda hatua chache humvuta arudi. Na wako wenye kumwacha acheze na kurudi apendapo. Je, ni tabia ya kuzaliwa tu? Bibi Altmann alitazama cheo cha kila mama, akaona kwamba wale wanyonge ndio hasa washikao sana, na wenye cheo ndio waachiao. Hapo pana sababu. Jike mkubwa aweza kumnyang'anya mnyonge mtoto wake, na mama asiweze kumdai. Basi mnyonge humshika mwanawe kwa kuwa anayo haki ya kuogopa.

Labda mtu atauliza: malezi yapi ni bora? Bibi Altmann hakutoa jibu moja. Mtoto aliyeshikwa sana huepuka hatari nyingi katika miezi ya kwanza, lakini huchelewa kujitegemea, na mama akifa mapema, mtoto huyo yu hatarini zaidi. Kila njia ina faida yake na gharama yake.

Kazi hiyo haikufanywa na wageni peke yao. Wakenya kama Raphael Mututua, Serah Sayialel na Kinyua Warutere waliwafuata nyani hao miaka mingi, wakiwatambua mmoja mmoja kwa sura. Kwa daftari zao mambo mengine yalifunuliwa. Mwaka 2003 Joan Silk, Susan Alberts na Bibi Altmann walionyesha kwamba mama aliye na urafiki mwingi na wenzake, watoto wake huishi zaidi mpaka kutimiza mwaka mmoja, hata kama mama huyo hana cheo. Mwaka 2016 walihesabiwa majike 196. Wale waliopatwa utotoni na mashaka matatu au zaidi, kama ukame, kufiwa na mama, au mama kutengwa na wenzake, maisha yao yalipungua kwa miaka 10 hivi kuliko wale waliopatwa na shaka moja au wasiopatwa na lolote. Na mwaka 2019 ilionekana kwamba jike aliyefiwa na mama yake utotoni, hata watoto wake mwenyewe hufa zaidi.

Nyani si watu, wala hatusemi tufuate desturi zao. Lakini wazee wetu walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nasi twaweza kuongeza kwamba mama naye hulea kadiri atendewavyo na wenzake. Ukimwona jirani amemkalia mtoto wake kwa hofu, au amemwachisha ziwa upesi, usiharakishe kumlaumu. Uliza kwanza ana nani wa kumshikia mtoto, na siku yake ina kazi ngapi.

Nanyi wanafunzi, jaribuni jambo hili. Chagueni mbuzi watano wenye watoto. Mtazameni kila mmoja dakika kumi, kwa zamu, siku saba mfululizo, mkiandika mliyoyaona. Kisha mlinganishe daftari zenu na yale mliyodhani mnayajua juu ya mbuzi.