Samaki Waliozikwa Bahi

Msikilizaji, mwezi uliopita jirani yangu hapa Mkonze, mzaliwa wa Bahi, alinikuta nikimwaga kifusi kwenye dimbwi lililo nyuma ya nyumba. "Mzee, utaua samaki," akaniambia. Nilicheka. Dimbwi lenyewe lilikuwa limekauka, udongo umepasuka nyufa za kuingiza mkono.

Hakuwa na utani. Kwao, alisema, mahali pakavu mwezi Oktoba huonekana visamaki mwezi Februari, na wazee husema vimeshuka na mvua.

Havikushuka. Vilikuwa ardhini. Mmoja wao wataalamu humwita Nothobranchius neumanni, jina alilopewa mwaka 1905 kwa heshima ya msafiri Mjerumani, Oscar Neumann. Ana urefu wa kidole tu. Dume ana rangi za kuvutia, jike amepauka. Mvua zikianza, mayai huanguliwa, na baada ya wiki chache watoto wamekua na wanataga kwenye tope. Maji yakikauka wote hufa, hakuna anayebaki. Yanayobaki ni mayai. Hayo husimamisha ukuaji wake, yakangoja miezi kadhaa chini ya jua letu hili la Dodoma.

Ulaya na Marekani wapo watu wanaofuga samaki wa jamii hii kwenye matangi ya kioo sebuleni. Ndugu yake wa Unguja, Nothobranchius guentheri, anajulikana sana huko. Mayai huhifadhiwa kwenye mboji yenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, na hutumwa kwa posta kama barua! Ukiyapokea, unayatia maji. Lakini mfugaji makini huandika juu ya mfuko jina la mahali samaki wa kwanza walipovuliwa, wala hachanganyi wa dimbwi hili na wa lile. Kwake, jina la kijiji chetu ndiyo thamani ya samaki.

Sisi wenye kijiji tunajaza kifusi. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, viwanja vimepanda bei na kila bonde linatamaniwa. Silaumu mtu, nami nilikuwa na toroli mkononi. Ila samaki wa mtoni akifukuzwa hukimbilia kwingine. Yai lililo chini ya msingi wa nyumba halina pa kwenda.

Kama dimbwi langu lina kitu, sijui. Kifusi nimekisogeza pembeni, na jirani ameahidi kuja na chandarua mvua zikinyesha.