Mchezo Gani Tuwape Watoto Noeli Hii?

Desemba huku kwetu Madaba ni mwezi wa mvua, mbolea na watoto nyumbani. Shule zimefungwa, mahindi yanadai mikono shambani, na fedha kidogo iliyobaki kwa mama imekwisha kudaiwa na Januari: sare, madaftari, viatu. Hata hivyo sikukuu ni sikukuu, na hakuna mama asiyependa mtoto wake apate kitu. Kwa kawaida kitu hicho huwa ni nguo mpya. Nguo ni zawadi njema, lakini huvaliwa siku ya Noeli, ikafuliwa, ikakunjwa, na jioni ya tarehe 26 mtoto anauliza tena, “Mama, nifanye nini?”

Sisi akina mama tunaosaidia watoto parokiani, na baadhi yetu ni wauguzi, huulizwa sana swali hilo na wenzetu. Jibu tunalolitoa ni mchezo wa kuchezwa mezani au mkekani: bao, drafti, ludo, nyoka na ngazi, karata. Tunalitoa kwa sababu tunajua jioni za Desemba zinavyokuwa. Mvua ikikatika kidogo, wavulana huelekea kwenye maduka. Siku hizi mashine za kuchezea sarafu, zile ziitwazo dubwi, zimeenea hata vijijini. Mtoto aliyetumwa chumvi anarudi bila chumvi na bila sarafu ya shilingi 200. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini sheria haiwezi kukaa mlangoni pa kila duka. Mama naye hawezi. Anachoweza ni kuifanya nyumba ipendeze kuliko dubwi.

Nani atakaa naye mkekani?

Watu wengi wakienda kununua huanza na bei. Sisi tungeshauri uanze na jambo jingine: nani atacheza na mtoto huyu? Mchezo usio na mwenzake huishia chini ya kitanda kabla ya mwaka mpya. Ukiwa na watoto wawili waliopishana umri sana, drafti itawagombanisha, kwani mkubwa atashinda kila siku na mdogo atalia kila siku. Hapo ludo inafaa zaidi, maana dadu haijui nani yuko darasa la saba. Huchezwa na watu hadi 4, kila mmoja akiwa na kete 4, nayo inakubali shangazi aliyekuja kwa sikukuu aingie bila kufundishwa muda mrefu.

Sasa tuseme habari ya bao. Katika vijiji vingi bao halikosekani, ila halikai nyumbani. Linakaa kijiweni, chini ya mti au kwenye kibaraza cha duka, na baba analifuata huko. Akirudi watoto wamelala. Hatusemi haya ili kuwachongea waume zetu. Bao ni mchezo wa heshima; Mwalimu Nyerere mwenyewe alilipenda, na wenzetu ng'ambo ya Ziwa Nyasa, kule Malawi, wanalo wakiliita bawo. Tunachouliza ni kwa nini ujuzi wote huo umalizikie kijiweni, wakati mtoto wake hajui hata kunamua.

Basi mama, ukiweza, mwombe fundi seremala akuchongee bao la nyumbani. Mbao huku hazikosekani. Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32, na kete 64, yaani 32 kwa kila mchezaji. Wakubwa huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, nazo huingizwa moja moja. Hiyo ndiyo hatua ya kunamua, kabla ya kuingia mtaji. Kwa mtoto hilo ni zito. Wanaojifunza huweka kete 2 katika kila shimo na kuanza mara moja. Mtoto wa darasa la tatu anayecheza hivyo kwa wiki mbili utamwona anahesabu mbele, kimya, macho yamesimama kwenye shimo la tano au la sita, kabla mkono haujagusa kitu. Hesabu ya namna hiyo haiji kwa kuimba jedwali tu.

Halafu usimkabidhi mtoto bao hilo peke yake. Mpe mbele ya baba yake, useme, “Baba fulani, mwalimu ni wewe.” Tumeona wanaume waliokataa mambo mengi wakishindwa kukataa hilo. Na mwambie pia kwamba binti naye anataka kujifunza. Bao limezoeleka kuwa la wanaume, na wasichana wetu hubaki jikoni wakiosha vyombo huku kaka zao wakipiga kelele za ushindi. Vyombo vioshwe na wote kwanza, ndipo mkeka utandikwe. Hili likishindikana nyumbani kwako, ni afadhali mchezo usinunuliwe kabisa, kwa kuwa utakuwa umewaongezea wavulana starehe na wasichana kazi.

Bibi naye asisahauliwe. Mzee aliyepata kiharusi na mkono wake umebaki dhaifu anahitaji mazoezi ya vidole, na mazoezi yenyewe humchosha kwa sababu hayana maana machoni pake. Kuokota kete moja moja na kuzigawa mashimoni ni zoezi zuri, tena linakuja na mjukuu wa kumchekesha. Mpe nafasi upande ule ambao mkono wake unafika, na asiharakishwe.

Wadogo wafanye nini?

Mtoto wa miaka 5 au 6 mpe nyoka na ngazi. Mchezo huu asili yake ni India, kama ilivyo ludo, nao ulifika Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Ubao wake kwa kawaida una vyumba 100, kwa hiyo mtoto anahesabu hadi mia moja bila kujua kwamba anasoma. Ni bahati tupu, hakuna akili ndani yake, na wapo wanaoudharau kwa ajili hiyo. Kwetu huo ndio uzuri wake kwa umri ule: mtoto anafika chumba cha 90 na kitu, anamezwa na nyoka, anashuka, na anajifunza kukaa palepale bila kurusha dadu nje. Ukimwachia ashinde kila mara ili asilie, umeuharibu mchezo.

Habari ya karata

Hapa ndipo akina mama hutofautiana. Wapo wasiotaka karata ziingie ndani hata kidogo, kwa kuwa wameziona vilabuni vya pombe na mikononi mwa wale wa karata tatu stendi, wanaowalia wasafiri nauli. Tunawaelewa, na mama ambaye dhamiri yake inamkataza asilazimishwe na yeyote. Lakini tuziangalie zenyewe. Ni karatasi ngumu 52, za aina nne: kopa, uru, pau na shupaza. Majina hayo tumeyapata kwa Wareno, nayo yamekaa katika Kiswahili muda mrefu. Kinachozigeuza kuwa kamari ni dau. Palipo na dau, hata bao huwa kamari, hata mpira.

Wako wenzetu wanaocheza na watoto kwa karanga, mshindi anakula, na hatugombani nao. Sisi tunaona ni bora hata karanga zisiwepo. Mtoto aliyezoea kwamba ushindi lazima uwe na kitu cha kuchukua atauona mchezo mtupu kuwa hauna ladha, na dubwi linamngojea barabarani likiwa na ladha hiyo hiyo. Tena dubwi limepangwa ili mwenye mashine abaki na faida, na halina mwenzako wa kumtazama usoni. Mweleze mtoto hivyo kwa maneno ya wazi, anaelewa.

Uzuri wa karata ni bei na wepesi: zinaingia mfukoni na zinatosha watu wawili au sita. Ukianza na lasti kadi, mkubaliane kanuni kabla ya kugawa, kwa maana kila nyumba ina zake, na mgeni kutoka Dar es Salaam atakuja na nyingine tofauti kabisa. Ugomvi mwingi wa karata tuliousikia haukutokana na wizi, ulitokana na watu kutokubaliana mwanzo.

Neno la wauguzi

Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitatu ina hatari yake. Kete, dadu na vizibo ni vitu vidogo, na mtoto huyo hupima kila kitu kwa mdomo. Michezo ichezwe akiwa amelala au amebebwa. Akipaliwa na bado anakohoa kwa sauti, mwache akohoe. Kama hawezi kukohoa wala kulia na hajatimiza mwaka, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mara 5 kwa kiganja katikati ya mabega. Kisiponitoka kitu, mgeuze umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5, urudie. Aliyezidi mwaka mmoja mpige mgongoni vivyo hivyo akiwa ameinama, kisha mshike kwa nyuma, umbonyeze juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara 5. Usitie kidole kooni kutafuta kitu usichokiona. Wakati huo mwingine awe ametafuta usafiri wa kwenda kituo cha afya.

Kete za bao watu hutumia komwe, kokoto au mbegu nyingine. Harage na punje ya mahindi zikiingia sikioni au puani huvimba zikipata unyevu, basi usitie maji wala usichokonoe kwa njiti ya kibiriti, mlete kituoni. Mbegu za nyonyo zisitumike kamwe, maana zina sumu kali zikitafunwa. Na kama hamna umeme wala taa ya sola, kibatari kisiwekwe mkekani katikati ya watoto wanaorukaruka wakishinda. Kiwe juu, mbali na mikono, au mcheze mapema kabla ya giza.

Asiye na fedha

Drafti haihitaji duka. Kipande cha ubao au kadibodi, rula, na makaa au kalamu ya wino: vyumba 8 kwa 8, jumla 64, nusu vipakwe rangi. Kete ni vizibo 24 vya soda, 12 vimelala chali na 12 kifudifudi. Vioshwe na ukingo wake upondwe kwa jiwe usikate vidole. Mtoto mkubwa anaweza kumtengenezea mdogo wake, na hiyo ikawa zawadi ya mmoja kwa mwingine. Anayetaka ludo au karata za dukani amtume anayekwenda Songea au Njombe mapema, kabla magari ya sikukuu hayajajaa.

Kisha shona mfuko wa kitambaa wenye kamba, hata wa kipande cha khanga kuukuu, maana mchezo hufa siku kete zinapoanza kupungua. Katika nyumba moja hapa Madaba wameweka utaratibu tulioupenda: kabla ya kulala kete huhesabiwa kwa sauti hadi 64, na aliyeshindwa jioni hiyo ndiye anayehesabu, naye ndiye anayeanza kesho yake.