Ukienda Kuvua Samaki Mahali Usipopajua, Uliza Kwanza

Wasomaji wengi wa Machakos ni watu wa shamba na mifugo. Mto twaujua kwa kuteka maji na kunyweshea ng'ombe, lakini kazi ya ndoana na mshipi wengi wetu tumejifunza ukubwani. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba mahali fulani kuna samaki, hutia ndoana mfukoni akapanda gari, asiulize lolote. Mimi nami nilifanya hivyo. Nataka kukueleza, ndugu msomaji, yaliyonipata, ili wewe yasikupate.

Mwaka mmoja, mwezi wa Septemba, mimi na wenzangu wawili wa ofisini tulikwenda bwawa la Masinga. Jirani yangu alikuwa amenieleza habari za ufuo mzuri: pana mgunga mkubwa, na kutoka mgunga ule hata maji ni hatua kumi tu, na perege ni tele. Alisema kweli, ila yeye alikwenda mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimekwisha kunyesha. Sisi tulipofika chini ya mgunga hatukuona maji. Yalikuwa mbali sana, na katikati palikuwa na uwanja wa tope lililokauka juu.

Mwenzetu mmoja akatangulia kwa haraka. Alipokaribia maji, tope lilikatika akazama mpaka mapajani, na kila alipojivuta alizidi kwenda chini. Tulipiga kelele. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi akaja mbio. "Vijana, msimfuate kwa miguu!" akasema. "Kateni matawi." Tukatandika matawi, tukalala kifudifudi juu yake, tukamnyoshea mti mrefu, na kwa shida tukamvuta. Alitoka bila viatu. Kisha mzee akasema, "Mngaliniuliza, ningaliwaonyesha penye mawe." Tukamwambia, "Ni kweli, Mzee." Tulirudi nyumbani bila samaki hata mmoja, na nauli ya watu watatu imekwisha.

Kwa nini maji yalihama? Bwawa la Masinga lilimalizika kujengwa mwaka 1981 katika mto Tana. Ndilo la juu kabisa, na chini yake yako mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kazi yake ni kuweka akiba ya maji ya mvua, ili mitambo ya umeme iliyo chini isikose maji wakati wa kiangazi. Likijaa hufunika nchi ya kilomita za mraba 120 hivi. Akiba ikitumika, maji hupungua na ukingo hurudi nyuma. Na tope lile ni udongo wa mashamba, ulioletwa na mito kutoka milima na mabonde ya juu. Mkulima asiyechimba matuta shambani mwake ajue kwamba udongo wake umo humo.

Basi, kabla ya kuondoka nyumbani, fanya mambo haya:

1. Uliza habari za juma hili, wala si za mwaka jana. Ikiwa unamjua mtu aliye huko, mpigie simu umwulize: Maji yamefika wapi? Ni safi au mekundu? Njia ya gari yapitika? Mvua kubwa ikinyesha milimani, mto huleta maji ya udongo, na perege haoni chambo.

2. Uliza habari za sheria. Kuna sheria ya samaki ya mwaka 2016, nayo yataka leseni. Nenda ofisi ya samaki ya kaunti uulize ni leseni gani ikufaayo na ni vyombo gani vilivyokatazwa. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki zimepigwa marufuku. Ukifika, jionyeshe kwanza kwa kikundi cha wavuvi wa ufuo ule, ambacho wengi hukiita BMU. Usikaribie ukuta wa bwawa wala mitambo. Wala usivue juu ya mawe chini ya ukuta, maana maji yakifunguliwa mto hujaa ghafula.

3. Uliza habari za mamba na viboko, kwani Tana ina wote wawili. Mamba hukaa kimya majini karibu na ukingo, akatazama mahali watu wanaporudi kila siku. Usisimame ndani ya maji. Simama mbali na ukingo. Usipasulie samaki hapo hapo, kwa maana damu na matumbo humwita. Kiboko hutoka jioni kwenda kula majani. Usikae kati yake na maji. Jua likianza kushuka, ondoka. Tena maji yaliyotulia yenye majani na konokono huweza kuwa na kichocho, nayo ni sababu nyingine ya kutoingia.

4. Chukua vyombo vinavyofaa samaki wa mahali pale. Perege ana kinywa kidogo, hivyo ataka ndoana ndogo na mshipi mwembamba, na hupenda maji ya kina kifupi yenye joto. Kambare hukaa chini topeni. Yeye ataka ndoana kubwa, mshipi wenye nguvu, na kipande cha utumbo wa kuku. Nyungunyungu ni chambo kizuri, lakini wakati wa kiangazi udongo wetu ni mkavu, huwapati. Wachimbe nyumbani, katika samadi yenye unyevu karibu na zizi, uwatie katika mkebe wenye udongo na matundu ya hewa.

5. Fikiri namna ya kurudi na samaki. Nchi yetu ni ya joto, na samaki huoza upesi. Mpasue mbali na maji, toa matumbo na matamvua, paka chumvi, kisha mfunge katika gunia lililoloweshwa maji na kuwekwa kivulini. Gunia likikauka, lilowe tena.

6. Usiende peke yako. Chukua kamba ndefu, na mwambie mtu wa nyumbani uendako na saa utakayorudi.

Mwaka uliofuata tulirudi Masinga. Safari hii tulimtafuta kwanza yule mzee, tukampelekea sukari na majani ya chai. Alituonyesha penye mawe. Tulipata perege 11 na kambare mmoja, na watoto wakala kitoweo siku mbili. Wazee walisema kwamba kuuliza si ujinga. Nawe, msomaji, uliza kabla ya kutia ndoana mfukoni.